Gari ya rimoti ya bei mbaya, mkono umekatika mara mbili

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi niko Chumbageni hapa Tanga, shemeji yangu alirudi kutoka Muscat akaniletea gari ya rimoti ile ya mashindano kabisa, saizi ya moja ya nane ya gari la kweli, ya betri, hela yake anasema unavuta bodaboda ya mtumba. Mwezi haujaisha nimegonga ukingo wa barabara kule Raskazone, ule mkono wa chini unaoshika tairi la mbele ukakatika, nikafunga wa spea uliokuja kwenye boksi nao ukakatika, na sasa matairi yanalia kwii kwii. Mpwa wangu ana kigari cha elfu thelathini anakibamiza ukutani kila siku na kinadunda tu! Nimepigwa au? Kuna jamaa anataka anichongee mikono ya aluminiamu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujapigwa, ila unafananisha punda na farasi. Kigari cha mpwa wako ni chepesi na mwendo wake ni wa mtu anayekimbia, kikigonga kinarudi nyuma basi. Yako inapita kilo 3 na ukiiachia inaweza kugusa kilomita 60 kwa saa, na ujue spidi ikiwa mara mbili kishindo kinakuwa mara nne, halafu imeundwa kwa uwanja wa udongo na siyo zege la ukingo wa barabara. Aliyeiunda aliwaza wepesi na kushika njia, na kwamba ikivunjika fundi anafungua skrubu nne anaweka kipande kingine mbio zinaendelea. Kigari cha elfu thelathini kikifa kimekufa, spea utapata wapi?

Huo mkono wa plastiki ni kama fyuzi. Unakatika wenyewe ili kishindo kisiende mbele kwenye boksi la difu, zile gia zinazogawa nguvu kwa matairi, na chesisi ambako ndiko kuna hela. Ukiweka aluminiamu ni sawa na mtu anayefunga waya wa shaba kwenye fyuzi iliyoungua, siku ya kugonga mkono utabaki mzima au utapinda, utakachokiona kimepasuka ni boksi la difu. Mwambie jamaa yako asante. Agiza mikono ya plastiki ya kampuni iliyotengeneza gari, jozi mbili tatu kwa mpigo, maana spea hizi si waja leo waondoka leo, zinakaa njiani mpaka unasahau.

Sasa hiyo kwii kwii. Hujaniambia ila nahisi uliipeleka ufukweni, sivyo? Walivyoandika haiingii maji wanamaanisha vitu vya umeme, risiva inayopokea amri za rimoti na wenzake, beringi hazimo kwenye hiyo ahadi na chumvi inazila ndani ya siku chache. Toa matairi, zungusha beringi kwa kidole, inayokwaruza usiibembeleze, badilisha. Za matairi kwenye saizi yako mara nyingi ni milimita 8x16x5 lakini pima kwanza. Zilizobaki safisha kwa mswaki mkavu, tone la mafuta ya cherehani, na ukienda kwa fundi pancha akupulizie upepo asimame mbali kidogo, akisogeza mdomo wa mpira karibu mchanga unaingia ndani zaidi. Ukiwa umefungua, skrubu zinazoingia kwenye chuma zitie gundi ya bluu ya kushikilia skrubu, mtikisiko unazilegeza zote. Na Raskazone ukachezee kwenye majani bwana.

SWALI: Betri ya laipo (lithiamu polima) ya gari yangu ya rimoti imevimba kama andazi ila bado inachaji, niendelee? (Ngamiani)

JIBU: Hapana. Usiitoboe kutoa hewa kama nilivyowahi kuona mtu anafanya, inawaka. Ichomoe, iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya nyumba. Ijayo usiishushe chini ya volti 3 kwa kila seli, na kama hutaicheza wiki nzima iache kwenye 3.8 kila seli, usiiache imejaa, tena ikiwa ndani ya gari lililopigwa jua la Tanga. Hiyo iliyovimba usiichaji hata mara moja ya kujaribu.