Maswali ya Wasomaji: Fedha za Kuwakinga Vijana na Pombe Ziende Wapi?

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa kamati za wazazi, walimu na vikundi vya kujitolea vinavyotaka kuwazuia vijana walio chini ya umri wa kisheria wasinywe pombe. Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, maana ndiyo inayogusa fedha.

*Kikundi chetu kimepata ufadhili wa mwaka mmoja kwa ajili ya vijana wa miaka 13 hadi 17. Tumepanga tamasha, fulana, mabango, na mtu aliyeacha ulevi azungumze katika kila shule. Mnashauri nini? — Mwenyekiti wa kikundi*

Ndugu Mwenyekiti, mpango wenu unamlenga kijana peke yake. Kijana wa miaka 14 hana kiwanda wala leseni ya kuuza. Kila chupa inayomfikia imepita kwa mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mzima: aliyeuza, aliyemnunulia, au aliyeiacha kabatini bila kufuli. Anzeni kwa kuifuata chupa. Waulizeni vijana wenyewe, bila majina, mara ya mwisho pombe ilitoka wapi, ilinywewa wapi, saa ngapi na pamoja na nani. Majibu hayo manne ndiyo yatakayowaambia fedha ziende wapi.

Hotuba ya siku moja huongeza maarifa, ila haipunguzi unywaji. Hata mafunzo marefu zaidi ya darasani yanaweza kushindwa, na Marekani wameyajaribu kwa upana kuliko wengi: mpango wa D.A.R.E., ulioanzishwa Los Angeles mwaka 1983, uliwapeleka polisi madarasani kuwafundisha watoto kukataa dawa za kulevya na pombe. Ulienea nchi nzima na wazazi waliupenda sana. Lakini tathmini zilizowalinganisha watoto waliopitia mpango huo na wasioupitia hazikuona tofauti ya maana, na baadaye mtaala wake ukabadilishwa. Huyo mzungumzaji wenu anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Hata hivyo mwanafunzi anachokiona ni mtu aliyekunywa miaka mingi, akapona, na sasa anapigiwa makofi.

Iceland walishika njia nyingine. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walikuwa wamelewa ndani ya siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2016 waliosema hivyo walikuwa asilimia 5. Kilichofanyika hakikuwa mabango. Vijana waliulizwa kwa hojaji mara kwa mara na kila shule ikarudishiwa matokeo yake. Wazazi wa darasa moja walitia saini makubaliano ya pamoja. Sheria ya saa za watoto kuwa nje usiku ilisimamiwa. Na halmashauri zilisaidia kulipia michezo, muziki na ngoma ili mtoto wa familia isiyo na uwezo asibaki nje. Umri wa kununua pombe huko ni miaka 20. Ni kweli kwamba unywaji wa vijana ulipungua pia katika nchi nyingine za Ulaya kipindi hicho, kwa hiyo sifa zote haziwezi kupewa mpango huo peke yake. Bado ni mfano mzuri wa kuiga kuliko fulana.

Kwa fedha za mwaka mmoja sisi tungetenga takriban sehemu moja ya kumi kwa hojaji, nne kwa shughuli za vijana, tatu kwa wazazi, na mbili zinazobaki kwa kazi ya wauzaji na dharura.

Kwenye shughuli za vijana, tazameni saa. Pengo la hatari ni kati ya shule kufungwa na mzazi kurudi nyumbani, halafu jioni za mwisho wa wiki. Shughuli iwepo saa hizohizo, angalau mara mbili kwa wiki, chini ya msimamizi yuleyule mwaka mzima. Mpira bila msimamizi haumkingi mtu, na zipo timu ambazo mchezaji mdogo hufundishwa kunywa humohumo, baada ya mechi. Msimamizi naye asinywe mbele yao, na hilo liandikwe kwenye mkataba wake.

Kwa wazazi, mkutano mmoja hautoshi. Mpango mmoja uliopimwa vizuri, uliotengenezwa katika jimbo la Iowa, Marekani, kwa ajili ya familia zenye watoto wa miaka 10 hadi 14, una vikao saba vya saa mbili. Saa ya kwanza wazazi wanakaa chumba kimoja na watoto kingine. Saa ya pili wanakutana na kufanya mazoezi pamoja. Tatizo mtakalolikuta ni mahudhurio: kikao cha kwanza ukumbi unajaa, cha tatu wanabaki wachache, tena wale ambao watoto wao hawana shida. Barua anayopewa mwanafunzi aipeleke nyumbani haileti mtu. Mpigieni simu kila mzazi au mwendeeni, kisha mkumbusheni siku moja kabla. Wekeni mtu wa kuwatazama watoto wachanga, na mwulizeni mzazi saa inayomfaa kabla ya kupanga ratiba. Wazazi wawe wa darasa moja, kwa sababu ndio ambao watoto wao hualikana. Makubaliano yao yawe mafupi: hakuna pombe kwa watoto katika nyumba yoyote, saa ya kurudi ni moja kwa wote, na mzazi mwenye wasiwasi ana ruhusa ya kumpigia mwenzake.

*Wauzaji wa mtaani kwetu wanamuuzia mtoto yeyote. Tufanye nini bila kugombana nao?*

Kwanza tenganisheni mambo mawili. Kuna kijana anayenunua ili anywe, na kuna mtoto anayetumwa na baba au mjomba. Hilo la pili linaonekana jepesi, lakini ndilo linalomzoesha muuzaji kutouliza. Sheria za nchi nyingi hazitofautishi: mtoto hauziwi, awe ametumwa au hakutumwa. Someni kifungu chenu, mkinakili kwenye nusu karatasi, mkipeleke kwa muuzaji na kwa wazazi pia.

Halafu pimeni. Tumieni mtu aliyetimiza umri wa kisheria lakini anayeonekana mdogo. Aingie peke yake, aombe pombe, na asubiri kuona kama ataulizwa umri au kitambulisho. Asilipe, aseme amebadili nia, atoke, na aandike mara moja siku, saa na alichoulizwa. Msimtume mtoto halisi bila idhini ya mamlaka, maana mnaweza kumwingiza kwenye kosa na nyinyi pia. Ndani ya siku chache mpelekeeni muuzaji matokeo yake, peke yake, kwa ustaarabu. Aliyeuliza kitambulisho apewe pongezi kwa maandishi. Rudieni kila baada ya miezi mitatu kwa sura mpya.

Kazi hii huharibika pale habari inapovuja kabla, au kikundi kinapobandika majina ya wakosaji ukutani. Muuzaji aliyeaibishwa hawasikilizi tena. Asiyebadilika baada ya mara tatu apelekwe kwa wanaotoa leseni.

*Nitajuaje kama wanafunzi wamejibu hojaji kwa ukweli? — Mwalimu*

Mwalimu, ukweli hutegemea jinsi chumba kilivyopangwa. Hojaji isiwe na jina, namba wala mahali pa kuandika sentensi. Iwe ni kuweka alama tu, kwa kuwa mwandiko unajulikana. Madawati yatenganishwe. Wewe kaa mbele, usipite kati ya mistari. Kila mwanafunzi aweke karatasi yake ndani ya bahasha na kuifunga mwenyewe. Asiyetaka kujibu arudishe bahasha yenye karatasi tupu, ili asitambulike.

Uliza "ndani ya siku 30 zilizopita" na siyo "umewahi" peke yake. Aliyeonja mara moja akiwa na miaka 9 si sawa na anayelewa kila Ijumaa. Ongeza dawa moja ya kulevya yenye jina la kubuni: anayedai ameitumia, weka hojaji yake kando. Wazazi waarifiwe mapema na wapewe nafasi ya kukataa.

Wakati wa kusoma matokeo kuwa na subira. Katika wanafunzi 60, kushuka kutoka 12 hadi 9 kunaweza kuwa bahati tu. Unganisha shule kadhaa au subiri mzunguko wa pili kabla ya kumwandikia mfadhili kwamba mmefanikiwa.

*Kampuni ya pombe imejitolea kugharamia kampeni yetu ya "kunywa kistaarabu." Tukubali?*

Hapana. Kampuni hiyo inaishi kwa mauzo, na hatua zenye nguvu zaidi za kupunguza unywaji ni zilezile zinazopunguza mauzo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa SAFER wenye hatua tano: kubana upatikanaji wa pombe, kuzuia watu kuendesha wakiwa wamelewa, kurahisisha uchunguzi na matibabu, kubana matangazo na udhamini, na kupandisha bei kwa kodi. Kauli ya "kunywa kistaarabu" haigusi bei, wala matangazo, wala idadi ya maduka. Inamwachia kijana mzigo wote, tena inamwambia kwamba kunywa ni jambo la kawaida, kinachotakiwa ni adabu.

Andikeni kanuni yenu ya ufadhili leo, kabla fedha hazijafika mezani, kwa sababu kukataa fedha zilizokwisha kuonyeshwa kunakigawa kikundi. Mstari mmoja unatosha: "Hatupokei fedha, vifaa wala huduma kutoka kwa watengenezaji au wauzaji wa pombe, au taasisi wanazozifadhili." Maneno hayo ya mwisho yana sababu, maana fedha hizo mara nyingi huja kwa jina la mfuko wa hisani.

*Mume wangu anampa kijana wetu wa miaka 15 bia kidogo nyumbani, eti ajifunze kujizuia. Kuna ubaya? — Mama wa watoto watatu*

Mama, nia yake ni njema lakini ushahidi haumuungi mkono. Uchunguzi wa Australia uliowafuatilia vijana kwa miaka sita, na matokeo yake kutolewa mwaka 2018, haukuona kinga yoyote kwa wale waliopewa pombe na wazazi. Walielekea zaidi kuipata kwa watu wengine pia, na kunywa kupindukia.

Mwonyeshe hesabu. Zidisha mililita kwa asilimia ya kileo iliyoandikwa kwenye chupa, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79, unapata gramu za kileo halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Pombe kali ya asilimia 40, mililita 250 tu, ina gramu 79. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na wala maji ya baridi wala kahawa haiongezi kasi hiyo. Ubongo nao unaendelea kukua hadi karibu miaka 25. Mwambie baba afunge kabati na azungumze na kijana. Mazungumzo mafupi ya mara kwa mara yanafaa kuliko hotuba moja ndefu ya hasira.

*Kwenye mahafali yetu msichana alizimia kwa pombe. Wenzake walimficha bwenini hadi asubuhi. Alipona, lakini tumeogopa. Tuwafundishe nini?*

Wafundisheni dalili kwanza. Ni dharura endapo haamki ukimwita na kumbana bega, anapumua chini ya mara nane kwa dakika, kuna zaidi ya sekunde kumi kati ya pumzi na pumzi, ngozi ni ya baridi au ina rangi ya bluu, anatapika akiwa usingizini, au anapata degedege. Dalili moja inatosha. Wasisubiri zitimie zote.

Waite gari la wagonjwa au mtu mzima mwenye usafiri. Wamlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asibingirike, kichwa kiinuliwe nyuma kidogo njia ya hewa iwe wazi. Mmoja abaki naye akihesabu pumzi. Asitapishwe, asimwagiwe maji, asitembezwe, asipewe kahawa. Kauli ya "mwacheni alale, itaisha" ndiyo inayoua: pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata baada ya kuacha kunywa, kwa hiyo aliyezimia saa nne anaweza kuwa na hali mbaya zaidi saa tano. Chupa iende naye hospitalini. Na ikiwa pombe haijulikani ilikotoka, hofieni methanoli, aina ya kileo yenye sumu. Dalili zake, kama macho kuona ukungu, kichwa kuuma na kupumua kwa kasi, zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24, hivyo anayesema amepata nafuu naye aende.

Wale wenzake hawakumficha kwa ukatili. Waliogopa kufukuzwa. Kamati na shule ziweke kanuni kwamba anayeita msaada, na anayeitiwa, hataadhibiwa kwa tukio hilo. Yule aliyekunywa atazungumza na mshauri na wazazi wake wataarifiwa kwa utulivu. Kanuni hiyo isomwe mbele ya wanafunzi wote mwanzoni mwa kila muhula, ibandikwe bwenini pamoja na namba za simu za usiku, na iheshimiwe hata pale atakayeita msaada atakapokuwa ndiye aliyeileta chupa.