Kabla Hujaomba Nafasi ya Utafiti wa Fizikia ya Chembe

Mara ya kwanza nilipoomba nafasi ya utafiti wa fizikia ya chembe nilikataliwa, na kila nikiisoma barua ile naona kwamba ilistahili: kurasa mbili nzima nilieleza jinsi ninavyoupenda ulimwengu, lakini hapakuwa na sentensi hata moja iliyotaja kazi niliyowahi kuifanya mwenyewe.

Kabla ya kuomba tena nilijipa miezi minne ya kuzoea data halisi. CERN, maabara iliyopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, imekuwa ikiweka sehemu ya data za majaribio yake kwenye intaneti tangu mwaka 2014, na yeyote anaweza kuzitumia bila malipo. Nilichagua matukio, yaani rekodi za migongano, yenye myuoni mbili (chembe zinazofanana na elektroni ila nzito zaidi), nikaandika programu fupi kwa lugha ya kompyuta ya Python ya kukokotoa tungamo la kila jozi, nikitarajia kuona kilele karibu na gigaelektrovolti 91 (kipimo cha nishati kinachotumika pia kwa tungamo la chembe), mahali pa chembe ya Z, ambayo huweza kuvunjika kuwa myuoni mbili. Grafu ilitoka tupu. Kwa siku mbili niliishuku fomula, nikaishuku kompyuta, nikazishuku hata data zenyewe, mpaka nilipogundua kwamba namba zile zilikuwa za megaelektrovolti, kipimo kidogo mara elfu, ilhali mipaka ya grafu niliipanga kwa giga, kwa hiyo takriban matukio yote yalikuwa yameangukia nje.

Kisa hicho ndicho nilichokisimulia katika barua ya pili, na katika usaili tulikizungumzia kuliko alama zangu za darasani (ambazo, nikiri, hazikuwa za kujivunia). Baadaye nilielewa sababu. Ndani ya LHC, mashine ya CERN ya kugonganisha chembe, yenye mzingo wa kilomita 27, mafungu ya protoni hupishana hadi mara milioni 40 kwa sekunde, na kwa kuwa haiwezekani kuhifadhi yote, mifumo ya kompyuta hulazimika kuchuja papo hapo na kubakiza sehemu ndogo sana. Mwanafunzi hupewa kipande kimoja cha mnyororo huo, kama vile kuharakisha programu iliyoandikwa kwa lugha ya C++ au kukagua ubora wa data, na muda wake mwingi huishia katika kutafuta kosa alilolifanya mwenyewe.

Kuhusu nafasi zenyewe, CERN ina mpango wa wanafunzi wa kiangazi, na wanaoelemea kompyuta watazame ule wa openlab, kitengo cha CERN cha teknolojia ya kompyuta. Maabara za DESY mjini Hamburg, Ujerumani, na Fermilab karibu na Chicago, Marekani, nazo hupokea wanafunzi. Asiyeweza kusafiri anaweza kujaribu Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuandika programu huria, ambamo HEP Software Foundation, jumuiya ya programu za fizikia ya chembe, imeshiriki kwa miaka kadhaa, na kazi yake hufanyika kwa mbali. Masharti ya uraia na mwaka wa masomo hutofautiana, nayo maombi hufungwa miezi mingi kabla ya kazi kuanza, kwa hiyo mhadhiri atakayekuandikia barua ya mapendekezo umwombe mapema, tena umpelekee grafu zako ili aandike alichokiona. Mimi wangu nilimpelekea ile tupu pamoja na iliyosahihishwa.