Lili, mshubiri na paka wa nyumbani

SWALI: Nililetewa shada la lili, nikaliweka mezani sebuleni. Leo paka wangu nimemkuta na vumbi la rangi ya chungwa begani, na jani moja limetafunwa. Hajatapika, anacheza tu. Nisubiri nione? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Usisubiri, mpeleke sasa hivi kwa daktari wa mifugo. Kwa paka lili ni sumu ya figo, na hakuna sehemu yake iliyo salama: petali, jani, bua, chavua (ndiyo lile vumbi la rangi ya chungwa), hata maji ya chombo. Ndiyo maana kukata vile vichwa vya chavua hakusaidii kitu iwapo majani yamebaki.

Kabla ya kutoka, mpanguse chavua yote kwa kitambaa kibichi, kisha mviringe kwa taulo asijilambe. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nayo inaweza kumdhuru. Maziwa hayaondoi sumu hii. Beba kipande cha ua, na umweleze daktari ni saa ngapi ulimkuta.

Kinachowaponza wengi ni ile nafuu ya uongo. Paka hutapika na kukataa chakula ndani ya saa 12 baada ya kula lili, halafu anachangamka, mwenye paka anashusha pumzi. Kumbe figo zinaendelea kuharibika, na kati ya saa 24 na 72 zinaweza kugoma. Tiba kubwa ni kutundikiwa dripu siku 2 hadi 3, na inafaa ianze kabla saa 18 hazijapita. Mkojo ukishakatika, matumaini ni madogo mno.

SWALI: Nina mshubiri, na mimea ya mapambo ya ndani, monstera na pothosi. Nitupe vyote? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, ila visogeze mbali na paka. Monstera na pothosi zina fuwele za kalsiamu oksaleti, vijisindano vinavyochoma ulimi papo hapo: paka hutokwa udenda na kujikuna mdomo. Mfute kinywa kwa kitambaa kibichi, mpe maji. Akivimba au akihema kwa shida, nenda kwa daktari. Mshubiri humtapisha na kumharisha, hasa ule utomvu wa manjano chini ya ganda.

Wa kutoa nyumbani kabisa ni saikadi, mmea unaofanana na mnazi mfupi. Huharibu ini, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Ukitaka mbadala, saintpaulia, ua la asili ya milima ya Usambara, halina sumu kwa paka.