Leo mwezi ngapi? Kuwatoa watoto matembezi Mjini Unguja bila ya kumaliza mfuko

Likizo za skuli zikikaribia, majirani huniuliza watoto wapelekwe wapi ambako pesa hazitakwisha. Mie huwauliza kwanza: leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi ya mwezi wa Kiislamu? Wengine hudhani nabadilisha mazungumzo. Lakini kwa sisi tunaokaa mjini, matembezi rahisi kuliko yote ni ya pwani, na pwani ina saa zake. Ukizijua, nusu ya gharama imeshaondoka, kwani hutokaa mchana kutwa kungoja maji huku watoto wanalia njaa na wewe unanunua kila kinachopitishwa mbele yako.

Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu siku ya 14 au 15, maji huwa ya bamvua. Hapo bahari hukupwa mbali sana kiasi cha saa nne asubuhi, na hujaa mpaka juu karibu na saa kumi alasiri. Baada ya hapo kila siku maji huchelewa kama dakika 50, na ikifika mwezi saba au nane, au 22, ni maji mafu. Siku hizo hujaa kwenye saa nne au saa tano za asubuhi, tena hupanda na kushuka kidogo tu.

Sasa pangia watoto wako hapo. Wenye wadogo wa miaka mitatu, minne, wangoje maji mafu. Bahari haina haraka, asubuhi maji yapo karibu, wanachezea ukingoni na adhuhuri mmesharudi nyumbani kabla jua halijawaunguza. Wenye wakubwa, waliokwisha kuwa na maswali mengi, wachukue bamvua la asubuhi, washuke na maji.

Hapo ndipo hakuna uwanja wa michezo unaoweza kushindana. Maji yakitoka, kwenye mawe hubaki vidimbwi, na kila kidimbwi kina wenyewe: kaa wadogo, samaki wa urefu wa kidole, kombe zinazotembea kwa sababu ndani amehamia mwengine. Mtafutieni kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota. Mgeuzeni chali ndani ya maji, taratibu, kisha mkae kimya mtazame. Chini ya mikono yake mitano ana vijiguu vingi, vyembamba kama nyuzi, vinaanza kupapasa. Mkono mmoja hujikunja ncha, ukashika mchanga, wa pili ukafuata, mpaka mwili mzima ukapinduka. Inachukua muda, na watoto wasiotulia hata kwenye sahani ya wali watachutama hapo bila ya kutikisika. Akishageuka, aachwe pale pale. Nasisitiza hili: kumchukua nyumbani ndani ya ndoo ni kumuua, na mtoto anayefundishwa kurudisha kiumbe mahali pake amefundishwa jambo kubwa.

Mawe hayo yana viumbe vyenye miiba myeusi mirefu, kwa hiyo ndara hazifai, zinachomoka. Wavae viatu vya plastiki vinavyofunga. Na muwe na saa. Maji ya bamvua yakianza kurudi hayaji kwa mstari mmoja, hupita kwanza kwenye mikondo nyuma yenu, na fungu la mchanga mlilosimama likabaki kisiwa. Saa tano ikikaribia, geukeni. Fukwe zetu nyingi hazina mtu wa kulinda waogaji, mlinzi ni wewe. Mkiwa watu wazima wawili, mmoja asifanye kazi nyengine yoyote ila kuhesabu vichwa.

Kwa kwenda, gari ya abiria nambari 502 ya Bububu ndiyo rafiki ya familia. Mtoto wa kupakatwa halipiwi, na pwani ya Bububu iko karibu na barabara. Msimu wa kusi pwani hii ya magharibi hutulia wakati ule upande wa mashariki, wa Paje na Jambiani, unapigwa upepo, hivyo Juni mpaka Agosti sioni sababu ya kulipa nauli ya mbali. Mkitaka kwenda shamba, jikusanyeni nyumba tatu nne mkodi gari moja. Shangazi, mawifi na watoto wao wote ndani, na kila nyumba itachangia kidogo.

Chakula kitoke nyumbani. Mihogo ya kukaanga, maandazi ya jana, viazi vya nazi vilivyokauka mchuzi, machungwa yaliyokwisha menywa. Wali na mchuzi uacheni, unamwagika na unataka sahani. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko unavyodhani yanahitajika. Halafu mpe kila mtoto ahadi ya kitu kimoja tu cha kununuliwa huko, achague mwenyewe. Ukishawaambia hivyo kabla ya kutoka mlangoni, malalamiko hupungua sana.

Jioni ya bamvua ni ya Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa upya mwaka 2009, kuingia ni bure, na watoto wana sehemu yao ya kuchezea. Alasiri maji yakiwa yamejaa hadi ukutani, vijana wa makachu huanza kujirusha baharini, mmoja akipinduka hewani, mwengine akikimbia kutoka mbali. Watoto hawachoki kuwaangalia. Wakalishe kitako mbali na ukingo, maana kila mmoja anataka kuwa kachu. Magharibi ikiingia, meza za mishikaki na urojo zinawashwa taa. Hapa ndipo pesa hupotea, basi waje wameshakula, na mnunue juisi ya miwa mgawane.

Pwani isipofaa, yapo magofu. Maruhubi, njia hiyo hiyo ya Bububu, kuna nguzo za kasri ya Seyyid Barghash iliyojengwa 1882 na kuungua 1899. Mtoni, kabla ya kufika Bububu, ndiko alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844. Mtoto aliyesimuliwa usiku wa jana kuhusu binti wa Sultani aliyetoroka kwenda Ulaya ataingia pale na macho mengine kabisa. Bila ya hadithi ataona mawe tu, atadai kurudi. Msitu wa Jozani nao, kwa kima punju, wale kima wekundu, ni mzuri sana, ila wekeni safari hiyo iwe ya mara moja kwa mwaka na mchukue kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kwani kiingilio cha wenyeji ni kidogo kuliko cha wageni.

Siku nzuri kwangu ni Ijumaa baada ya sala, ikiwa ni likizo, kwa sababu vyuo vingi vya Kurani vimefungwa na fukwe hazijajaa kama Jumapili. Jumapili jioni kurudi kutoka Bububu ni kugombania gari na watoto waliolala mabegani. Ondokeni kabla ya saa kumi na moja.

Na Idi ikifika, wapelekeni Kariakoo ya hapa hapa Unguja kwenye mabembea kama watoto wote, msiwanyime. Siku ya Idi, kwenye bembea mtoto anataka awe na wenzake, na nguo yake mpya ionekane. Nendeni alasiri ya siku ya tatu au ya nne, foleni zikiwa zimepungua, na pesa za sikukuu alizopewa na babu na ami zake azishike mwenyewe, apange mwenyewe mchezo gani apande na upi auache.