Nyumba inakula mafuta na bado tunalala na makoti: maswali yenu na majibu

Habari zenu wapendwa. Toka baridi ianze meseji zimekuwa nyingi, nyingine nimejibu usiku nikitoka kazini, nyingine nimezikusanya hapa maana zinafanana na jibu moja litasaidia wengi. Kwa wageni, mi kazi yangu ni kuziba na kuhami (kuweka vitu vinavyozuia joto lisitoroke) nyumba za zamani huku Maine, Marekani, mwaka wa tisa sasa, yaani nyumba ambayo ipo tayari na watu wanaishi ndani, tunaifanya itumie nusu ya moto iliyokuwa inatumia au chini ya hapo. Twende.

"Dada, tumenunua nyumba Lewiston, ya miaka ya 1920, orofa mbili na besimenti (chumba cha chini ya ardhi). Tangi la mafuta ya kupashia nyumba la galoni 275 tunajaza mara nne msimu mmoja na watoto bado wanalala na makoti. Kampuni imenipa bei ya kubadilisha madirisha yote 22. Nikope?"

Mama, usikope kwanza, nakuomba. Najua dirisha ndo linaloonekana, ukisimama pale unasikia ubaridi usoni kwaiyo unaamini tatizo ni hilo, lakini kwenye nyumba za umri huo joto kubwa linatorokea juu darini na baridi inaingilia chini besimenti. Hewa ya moto inapanda, inatafuta kila tundu la waya, la bomba, la kando ya chimni, inatoka, na ikitoka lazima nyingine iingie, sasa hiyo inayoingia ni ya nje na inavutwa toka kule chini ambako mbao za sakafu zimekalia ukuta wa mawe. Ukijaza mafuta kwenye nyumba ya hivyo ni kuchota maji kwa pakacha.

Nikueleze nilichokiona wiki iliyopita kwenye nyumba kama yako. Nilipanda darini, nikafunua ile sufi ya pinki ya kuhamia iliyotandazwa, sehemu nyingine ilikuwa pinki safi kabisa na sehemu nyingine nyeusi kama imepakwa masizi. Mwenye nyumba akadhani ni panya au moto. Hapana, ni vumbi. Miaka na miaka hewa ya ndani inapita hapo kwenda nje na sufi inachuja uchafu kama kitambaa cha kuchujia nazi, kwaiyo popote penye weusi chini yake kuna tundu. Pale tulikuta nafasi ya kuingiza mkono mzima kandokando ya chimni, na misumari ya paa ilikuwa imeota barafu kwenye ncha, ule ni mvuke wa kupika na kuoga umepanda ukagandia huko.

Unaweza kujipimia mwenyewe kabla hujaita mtu. Chagua siku ya upepo, zima boila, ile mashine ya mafuta ya kupasha nyumba, kwanza (hili usilisahau, feni zinaweza kurudisha moshi wake ndani), funga madirisha yote, washa feni ya jikoni na ya bafuni, alafu chukua kijiti cha udi kinachofuka upite nacho taratibu kwenye soketi, chini ya ubao wa ukutani, kwenye mlango wa kwenda darini. Moshi ukilala ubavu, hapo pana tundu. Sisi tunapima kwa feni kubwa tunayofunga mlangoni, inanyonya hewa mpaka tofauti ya presha ifike paskali 50, kisha tunasoma ni hewa kiasi gani inapenya, na tunapima tena kazi ikiisha ili uone namba imeshuka kweli.

Mpangilio ni huu: kuziba matundu, kisha kuhami darini, kisha besimenti, kisha kuta, na mashine ya joto na madirisha baadaye. Ukikuta darini kuna vichembe vya rangi ya dhahabu kama kokoto laini, usiguse wala usifagie, inaweza kuwa vermikulaiti, madini ya kuhamia ya zamani, yenye asbesto (nyuzi zinazoleta kansa zikivutwa), nyingi ilichimbwa Libby, Montana. Na kama kipato ni kidogo, omba ule mpango wa serikali wa kuhami nyumba ulioanza 1976, unaombea palepale mnapoombea msaada wa mafuta wa HEAP, na hata mpangaji anaweza kuomba. Akija muuzaji kukwambia IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) itakurudishia 30%, ile nafuu iliisha 31 Desemba 2025 na kazi iliyomalizika baada ya hapo haihesabiwi.

Pampu za joto, zile mashine za umeme zinazochota joto nje na kuliingiza ndani, zinafanya kazi huku, wasikutishe, Maine ilijiwekea 2019 lengo la kufunga 100,000 kabla 2025 iishe na ikafika 2023. Ila ukifunga kabla ya kuziba utanunua kubwa na ghali kuliko unayohitaji.

"Mimi mpangaji. Niliziba madirisha yote kwa nailoni na tepu, sasa chumba cha watoto kona imeota fangasi nyeusi. Landilodi anasema ni sababu ya kupika sana."

Pole dada. Kupika maharage si kosa, na we hujaharibu kitu kwa kutafuta joto. Ila hewa ikipungua kutoka, mvuke unabaki ndani, na unaenda kukaa pale penye ubaridi zaidi, ambapo mara nyingi ni kona ya ukuta wa nje usio na chochote ndani yake, hasa nyuma ya kabati au kitanda. Sogeza kitanda mbali na ukuta, feni ya bafuni iwashwe wakati wa kuoga na iachwe nusu saa baada, sufuria zifunikwe, nguo zisianikwe chumbani mwa watoto. Kisha shika tishu, iweke kwenye feni ya bafuni ikiwa imewashwa. Isiponatia, feni haivuti, na hiyo ni ya landilodi kutengeneza, mwandikie kwa maandishi na picha zenye tarehe. Nimeshakuta feni nyingi zinavuta vizuri tu lakini bomba lake limeishia darini badala ya kutoka nje, unyevu wote wa kuoga unamwagwa kwenye mbao za paa.

Kwetu sisi nyumba ikizibwa lazima ipewe hewa kwa makusudi. Hesabu tunayotumia, chukua ukubwa wa nyumba kwa futi za mraba zidisha 0.03, ongeza 7.5 kwa kila chumba cha kulala na nyingine 7.5 juu yake. Nyumba ya futi 1,500 yenye vyumba vitatu ni 45 jumlisha 30, yaani futi 75 za ujazo kila dakika. Fundi akikuzibia nyumba asikutajie hewa, hajamaliza kazi.

"Nipo Uingereza, Manchester. Jamaa wamenigongea mlango wanasema watanivisha nyumba ngozi ya nje bure kwa mpango wa serikali. Jirani kakubali. Nisaini?"

Kaka, usisaini mlangoni. Hii ndo inayoniuma kuliko zote maana kuhami kuta kwa nje ni kitu kizuri sana kikifanywa na anayejua. Oktoba 2025 ofisi ya taifa ya ukaguzi ya huko ilitoa ripoti kuhusu miradi miwili ya serikali, ikasema kuwa asilimia 98 ya nyumba zilizohamiwa kuta kwa nje zina kasoro kubwa ya kurekebishwa, makadirio ni nyumba kati ya 22,000 na 23,000 zenye kasoro hiyo. Asilimia 98! Zilizohamiwa kwa ndani ni asilimia 29. Na sababu walizotaja ni hizi hizi tunazozipigia kelele, mafundi wasio na ujuzi wa kutosha, kazi kupitishwa kwa mtu wa pili na wa tatu, watu kukata kona. Na si mara ya kwanza, 2013 mtaa wa Fishwick, Preston, nyumba zaidi ya 350 zilihamiwa hovyo na watu wakaishia kuishi na maji ukutani na fangasi.

Kinachoharibika si lile bodi la kuhamia lenyewe. Ni pale linapoishia: chini ya dirisha, kwenye mfereji wa paa, kwenye bomba la maji machafu linalopita ukutani. Ukuta umenenepa lakini kizingiti cha dirisha kimebaki kifupi vilevile, mvua inashuka inaingia nyuma ya bodi na haina pa kutokea.

Waulize, nani ndiye mratibu wenu wa kazi hii kwa taratibu za PAS 2035 (viwango vya Uingereza vya kuboresha nyumba zilizopo), na aje mwenyewe aone nyumba. Vizingiti na mifereji mtavirefusha vipi, nionyesheni kwenye mchoro. Hewa ya ndani itatoka wapi mkimaliza. Kama jibu ni "usijali bosi", funga mlango. Na jirani mwambie leo, kabla hawajaweka ngazi.

"Miye niko fundi wa mbao, nilitoka Bukavu, sasa niko Portland na niko na miaka 41. Kingereza iko kidogo. Hii kazi naweza kujifunza ama ni ya vijana?"

Unaweza baba, na tunakuhitaji. Mtu aliyezoea kupima mbao kwa jicho na kukata bila kurudia ana nusu ya kazi mkononi. Nusu nyingine ni kuelewa nyumba yote kama kitu kimoja, kwamba ukigusa hapa unabadilisha kule. Mi nimefanya kazi na maseremala hodari kabisa wanaofunga ubao ukapendeza lakini nyuma yake wameacha uwazi wa kidole, kwao uwazi usioonekana si kosa, na huku ndo kosa lenyewe.

Anza na kozi ya usalama wa rangi za zamani zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, ni siku moja, masaa 8. Nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya 1978 huwezi kulipwa kubomoa ukuta wake bila timu kuwa na aliyesoma hiyo, ni sheria tangu 2010, na kampuni nayo lazima isajiliwe. Usiione kama karatasi tu, vumbi la ile rangi linaingia kwenye damu ya mtoto na akili hairudi. Baada ya hapo kuna vyeti vya kupima nyumba vya BPI (taasisi ya Marekani ya fani hii), na ukitaka kugusa gesi za pampu za joto kuna mtihani wa 608 wa EPA, shirika la mazingira la Marekani.

Lakini nakwambia kutoka moyoni, darasa bila nyumba halitoshi. Wanaofundisha vizuri wana ukuta wa mazoezi, unaziba, wanaufungia feni, unaona mwenyewe moshi unatoka wapi. Kosa langu la kwanza niliona hivyo, nilijaza povu la kopo kwenye fremu ya dirisha nikajisifu, tukawasha feni, moshi ukapita kwenye kona ya chini kama uzi. Sijasahau ile kona. Ukitafuta kampuni ya kukuajiri uliza swali moja, mnapima kabla na baada? Wanaopima ndo utajifunza kwao. Kingereza kitakuja, maneno ya kazi hayazidi mia mbili.

"Nyumba ya Minnesota. Nimeambiwa kuhami kikamilifu ni pesa ya kununua nyumba nyingine. Lazima yote kwa mara moja?"

Si lazima, ila panga mara moja hata kama utajenga kwa awamu. Kwa baridi ya huko kuna namba za kufuata, 5-10-20-40-60 (R ni kipimo cha kuzuia joto lisipite, ikiwa kubwa ndo inazuia zaidi): madirisha R-5, chini ya sakafu ya besimenti R-10, kuta za besimenti R-20, kuta za juu R-40, paa R-60. Siri ni kusubiri siku ambayo kitu kinabadilishwa hata hivyo. Mbao za nje zikioza na unazitoa, hapo ndo unaongeza inchi 4 za bodi la kuhamia kabla hujarudisha mpya, maana ngazi zipo na fundi unamlipa tayari. Ukishafunga mpya umechelewa miaka 30.

"Mwanangu yuko Canada ananitumia picha za kuziba nyumba. Mimi niko Dar, Mbagala, bati linanichoma. Na mimi nizibe?"

Shikamoo mama. Usizibe! Huko unataka upepo upite, ukifunga kila kitu bila kiyoyozi utajipika. Joto lako linatoka juu, bati linashika jua mchana kutwa na kulimwaga kichwani. Weka dari kama huna, acha nafasi kati yake na bati na matundu pande mbili hewa ya moto itoke, bati lipakwe rangi nyeupe na uwe unaliosha vumbi. Dirisha la magharibi lipate kivuli, hata cha mti au turubai. Na madirisha yapishane ili kaskazi na kusi zipate pa kuingilia na pa kutokea. Pesa ikitosha kitu kimoja tu, mama, anza na dari.