Kabla ukuta haujafunikwa: ushauri kwa anayejenga au kukarabati California

Nimefanya kazi ya kuweka vihami joto, yaani vitu vinavyojazwa ukutani na darini ili joto lisipenye, kwenye nyumba za California kwa miaka mingi. Wenye nyumba huniuliza kwanza kanuni za nishati za jimbo zitawaongezea gharama kiasi gani. Wana haki ya kuuliza. Ila swali ambalo ningependa walitangulize ni hili: nani ataiangalia kazi kabla ukuta haujafunikwa?

Kanuni zenyewe, ambazo wote huziita Title 24, si ngeni. Tume ya Nishati ya California iliundwa kwa sheria ya 1974, viwango vya kwanza vikaanza kutumika 1978, na tangu hapo hupitiwa upya kila baada ya miaka mitatu hivi. Toleo la 2019, lililoanza kutumika Januari 2020, ndilo lililotaka nyumba mpya za makazi, isipokuwa chache, ziwe na paneli za sola. La sasa limeanza Januari 1, 2026 na linazipa pampu za joto, yaani mashine za umeme zinazohamisha joto badala ya kuchoma gesi, nafasi kubwa zaidi. Toleo linalokuhusu ni lile linalotumika siku unayowasilisha ombi la kibali, hata kama ujenzi utachukua miaka. Kwa hiyo kama una michoro iliyokaa kabatini muda mrefu, mrudishie mchoraji aipitie upya kwanza.

Usinakili pia vipimo vya nyumba ya rafiki yako. Jimbo limegawanywa katika kanda 16 za hali ya hewa, na kinachotosha kwenye ukungu wa San Francisco hakitoshi kwenye joto la Palm Springs.

Kwa anayekarabati, habari njema ni kwamba kwa kawaida kanuni hufuata unachokigusa. Ukibadilisha madirisha, hayo mapya ndiyo yatakayopimwa. Hutalazimishwa kubomoa kuta za zamani. Vibandiko vya vioo visibanduliwe mpaka mkaguzi apite, maana humo ndimo anamosoma ni joto kiasi gani linapenya. Ukibadilisha kiyoyozi, unahitaji kibali, na mara nyingi njia za hewa zitapimwa kama zinavuja. Hapo ndipo utakapomsikia fundi akikuambia, "Achana na kibali, utaokoa hela." Mkatalie. Nimeingia kwenye dari nyingi ambako hewa iliyopozwa kwa umeme wa gharama ilikuwa inamwagika juu ya dari, huku wenye nyumba wakilalamika kuwa mashine ni dhaifu.

Sasa turudi kwenye ukuta. Sufi ya kioo, kihami tunachojaza ukutani, huzuia joto kwa sababu ya hewa iliyotulia kati ya nyuzi zake. Ikisukumwa nyuma ya waya wa umeme ikabanwa, au ikiachwa fupi kukawa na mwanya juu, ukuta hautoi tena kile kilichoandikwa kwenye fomu, na mbao za jipsamu za kufunika ukuta zikishapigwa hakuna atakayejua. Omba siku moja kati ya kazi ya kihami na kazi ya jipsamu, uingie na tochi. Angalia kama sufi imepasuliwa ikapita mbele na nyuma ya nyaya. Angalia kama imekatwa kwa umbo la visanduku vya soketi, wala si kukunjwa nyuma yake. Tazama matundu ya mabomba na nyaya kwenye mbao za juu za ukuta: yote yawe yamezibwa, kwa sababu hewa ya ndani hupanda darini kupitia humo. Na kama beseni la kuogea limeegemea ukuta wa nje, kihami lazima kiwekwe kabla ya beseni kufungwa. Hilo husahaulika mno, kwa vile fundi bomba hufika kabla yetu. Piga picha kila ukuta.

Makaratasi ya kuthibitisha kwamba kanuni zimefuatwa ni matatu: CF1R ya mchoraji, CF2R ya aliyefanya kazi, na CF3R ya mhakiki wa kujitegemea pale anapohitajika. Tunza nakala. Ukiweza, mchague na umlipe mhakiki wewe mwenyewe, asije akawa anamwogopa mkandarasi anayempa kazi.

Naamini katika viwango hivi. Mwanafizikia Arthur Rosenfeld, aliyekuja kuwa kamishna wa Tume hiyo, alionyesha kwamba matumizi ya umeme kwa kila mtu California yalibaki karibu palepale tangu miaka ya 1970 huku ya Marekani kwa jumla yakipanda. Sababu ni nyingi, na kuta zilizojazwa vizuri ni mojawapo.

Jambo la mwisho, na ni la afya: nyumba iliyozibwa vizuri haipumui yenyewe. Feni ya kubadilisha hewa iliyowekwa kwa mujibu wa kanuni isizimwe kwa sababu ya kelele. Chagua isiyo na kelele tangu mwanzo, na uhakikishe feni ya jikoni inatoa moshi nje ya nyumba, si darini.