Mfugaji wa samaki hagomi bure

Nimezunguka kwenye mabwawa ya watu, Morogoro na kwingineko, mpaka nikachoka kusikia kwamba wafugaji "wabadilishwe mtazamo". Mtazamo wao hauna shida. Ukiona mfugaji kaikataa teknolojia yako, mara nyingi keshapiga hesabu ambayo wewe hukuipiga.

Chukua chakula kinachoelea. Hakuna anayebisha kwamba ni kizuri: unarusha, samaki wanapanda, wakiacha kupanda nawe unaacha kulisha, hakizami kikaoza chini. Sasa tupige hesabu. Sato 1,000 wakifika gramu 300 kila mmoja ni kilo 300 (tuseme hajafa hata mmoja, jambo ambalo sijawahi kuliona). Ukilisha vizuri, kila kilo ya samaki inakula kama kilo moja na nusu ya chakula. Hizo ni kilo 450, yaani mifuko 22 na ushee ya kilo 20. Na sehemu kubwa inaliwa miezi ya mwisho, samaki wakiwa wakubwa, mfukoni hamna kitu na ada ya watoto inadaiwa. Ndiyo maana mama anaanza na chakula cha dukani, mwezi wa nne anarudi kwenye pumba na mashudu. Kwenye ripoti ataandikwa ameacha teknolojia. Hajaacha, ameishiwa. Ukimshauri, anza na fedha atakayokuwa nayo hadi siku ya kuvuna, ndipo mpange idadi ya vifaranga. Akiweka 400 badala ya 1,000, sawa tu.

Vifaranga dume ndiyo kesi ngumu zaidi. Sato huzaana mapema, na bwawa lenye mchanganyiko wa dume na jike hujaa vidagaa vinavyogombania chakula na kudumaa, kwa hiyo dume tupu ni jambo la maana. Lakini mnunuzi anaona nini siku ya kununua? Mfuko wa nailoni wenye maji, hewa na vitu vidogo kama punje za mchele. Dume na jike havitofautiani kwa macho. Miezi mitatu baadaye anakuta makinda pembezoni mwa bwawa, na muuzaji hapokei simu. Tangu hapo, ukimtajia dume tupu anakuitikia kwa heshima, kisha anakwenda kuchota vifaranga kwa jirani. Namwelewa kabisa.

Dawa yake ni kumpa njia ya kukagua mwenyewe. Samaki wakifika gramu 30 hivi, vua wachache, mgeuze mmojammoja tumbo juu, tazama nyuma ya mapezi ya tumbo. Dume ana matundu mawili, jike matatu. Ukipaka wino kidogo yanaonekana vizuri zaidi. Makubaliano na muuzaji yafanywe kabla ya kulipa: majike wakizidi idadi fulani, atafidia.

Halafu kuna vya bure. Mwaka 2009 serikali ya Kenya, kwa mpango wa kuchochea uchumi, iliamua kuchimbia wananchi mabwawa, 200 kwa kila jimbo katika majimbo 140, na vifaranga na chakula cha kuanzia kikatolewa. Watu walipokea, nani angekataa? Ruzuku ilipokoma, mengi yakabaki na majani na vyura. Wengine waliendelea, ila kupokea kitu na kukikubali ni mambo mawili.

Mashine ya kuongeza hewa sitaizungumzia sana. Kama umeme wako unakatika usiku, na hewa hupungua zaidi kuelekea alfajiri, umejazia samaki wengi kwa kutegemea mashine itakayozimika saa mbaya. Vizimba vya ziwani navyo ni vya mwenye mtaji au mkopo unaoeleweka.

Linganisha na kipimo cha mkono: unazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, kiganja kikipotea machoni kabla kiwiko hakijagusa maji, maji yamekuwa ya kijani mno, acha kwanza kutia samadi inayokuza ukijani huo. Hicho nimeona kinasambaa bila semina wala posho. Hakina gharama, jibu unalipata papo hapo, na ukikosea hujapoteza kitu.

Kwa hiyo ukiwa na kitu kipya, mwachie mfugaji akijaribu kwenye bwawa moja dogo, la pili alifuge alivyozoea. Siku ya kuvuna nenda na mizani, mpime yote mawili mbele ya majirani, gharama za chakula zikiwa zimeandikwa. Na kama hilo jipya limezidiwa, mwambie hapohapo.